Bwawa limepoteza ukijani: kusaka chanzo, kuanzia samadi hadi shaba, zinki na zebaki

Mwongozo huu ni wa wafugaji wa sato, perege na kambale wa mkoa wa Tanga, kuanzia mabwawa ya milimani Amani hadi ya Muheza, Pongwe, Korogwe na Mkinga. Ukijani wa maji ya bwawa ni mwani mdogo mno, usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Ndio unaolisha vifaranga, na ndio unaotoa oksijeni mchana kutwa. Ukipotea, wengi wetu tuna jibu moja: ongeza samadi. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini yako mabwawa ambayo kila ndoo ya samadi inayoingia huzidi kuyaharibu, kwa sababu mwani haukukosa chakula bali umetiwa sumu ya shaba au zinki, na mara nyingine risasi au zebaki. Ninachotaka ni uweze kutofautisha hali hizo mbili kabla hujamwaga chochote.

Lishike jambo moja tangu mwanzo. Mwani huumia mapema kuliko samaki, na mapema sana kuliko binadamu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu shaba hadi miligramu 2 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mwani wa aina nyingi huanza kudumaa shaba ikiwa mikrogramu makumi machache tu kwa lita, na aina nyingine hata chini ya hapo. Kwa hiyo ile kauli ninayoisikia kila mara, “maji haya haya tunakunywa sisi na watoto,” inaweza kuwa kweli tupu na bado maji hayo yakawa ndiyo yanayoua mwani wako.

Kwanza ondoa yale ya kawaida

Chukua kisahani cheupe, kifunge kwenye kijiti kilichotiwa alama za sentimita, kizamishe mpaka kipotee machoni. Bwawa lenye ukijani mzuri hukificha kwenye sentimita 30 hadi 40 hivi. Kikionekana mbali zaidi ya hapo, mwani ni haba. Kikipotea mapema lakini maji yana rangi ya udongo, tatizo ni tope: mwanga hauingii. Kama maji yanaingia na kutoka muda wote, mwani unasombwa kabla haujazaliana. Kama bwawa limechimbwa kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, fosfati ya samadi hushikwa na udongo na mwani haupati kitu. Hapo chokaa ya kilimo hutangulia, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, kisha ndiyo samadi. Mawingu ya masika nayo hupunguza ukijani kwa siku kadhaa, kisha hurudi wenyewe.

Ukishayapitia hayo yote na bado hujaona sababu, endelea.

Dalili ya kwanza: samadi imeingia, wiki mbili zimepita, maji bado meupe

Uliza maji yanatoka wapi, na yanapita kwenye nini. Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vingine ni mabati mapya. Bati hupakwa zinki ili lisishike kutu, na mvua inayolipiga huing'oa zinki hiyo kidogo kidogo. Maji ya dakika za kwanza za mvua, hasa mvua ya kwanza ya vuli baada ya kiangazi kirefu, yanaweza kubeba zinki kupita miligramu 1 kwa lita. Mwani wa kijani ulio mwepesi kudhurika hudumaa kwa zinki chini ya miligramu 0.1. Paa la banda la kuku likielekezwa kwenye bwawa dogo la vifaranga, hesabu yake imeshakamilika.

Kagua mahali bomba linapomwaga. Kwenye bwawa moja upande wa Muheza niliona kitu ambacho tangu siku hiyo nakitafuta kila ninapokwenda. Mawe ya ukingoni yalikuwa na ukoga mzuri wa kijani kulizunguka bwawa lote, isipokuwa chini ya mdomo wa bomba la paa. Hapo mawe yalikuwa matupu, safi kama yamesuguliwa. Hatua mbili pembeni ukoga ulianza, mwembamba na wa rangi ya manjano. Ukisogea tena, unene unaongezeka na kijani kinakolea. Ukiona mpangilio wa namna hiyo, hakikisha kwanza si nguvu ya maji tu inayong'oa ukoga (paa dogo lisilomwaga kwa kishindo haling'oi kitu), kisha litazame bomba kwa jicho la mashaka.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe nyumbani. Tafuta chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita moja na nusu, zioshe kwa maji tu. Usitumie kopo la bati wala ndoo ya bati hata kuchotea, maana utaongeza zinki ndani ya jaribio lenyewe. Chuja maji ya bwawa lenye shaka kwa kitambaa safi, ujaze chupa mbili. Chuja maji ya bwawa la jirani lililo zima, ujaze chupa nyingine mbili. Kisha jaza mbili za mwisho kwa maji yenye shaka, ila hizi uzitie kijiko cha maji yaliyolowekwa mboji iliyooza vizuri, ziache zilale usiku mmoja. Kila chupa itilie mbegu: kikombe kidogo cha maji ya kijani kutoka bwawa zima. Kila moja itilie pia punje moja ya mbolea ya DAP, ili njaa isiwe kisingizio. Legeza vifuniko, weka mahali penye mwanga mwingi lakini pasipochomwa na jua la saa sita. Siku ya tano hadi ya saba zipange mbele ya karatasi nyeupe.

Chupa zote zikiwa kijani, maji hayana sumu inayozuia mwani. Rudi kwenye tope, mkondo na wadudu wanaokula mwani. Za jirani zikiwa kijani na zako zikabaki nyeupe, kuna kitu ndani ya maji. Na zile zenye mboji zikiwa kijani wakati zisizo na mboji hazikubadilika, shaka ya metali inakuwa nzito, kwa kuwa asidi za mboji huikamata shaba na risasi zikawa haziingii tena kwenye seli. Maabara hufanya jambo hilo hilo kwa kemikali iitwayo EDTA. Zinki hushikwa na mboji kwa unyonge zaidi, kwa hiyo matokeo ya nusu nusu kwenye maji ya paa yasikushangaze. Chupa zako zote nne zikibaki nyeupe, fikiria pia dawa ya magugu, hasa zile zinazozuia usanisinuru; mboji haizizuii kwa nguvu hiyo.

Maji ya jaribio yachote wiki ile ile dalili ilipotokea. Sumu ya mvua ya kwanza hupungua kadiri maji mengine yanavyoingia, na ukisubiri mwezi utapima maji yasiyo na hatia.

Matibabu ya chanzo hiki ni mepesi. Mvua za kwanza za msimu zigeuze ziende shimoni, zisiingie bwawani. Tia chokaa ya kilimo kama pH, yaani kipimo cha tindikali, iko chini ya 6.5, maana zinki na shaba hutua kwenye tope maji yanapopanda pH. Kisha rudisha mbegu: madumu machache ya maji ya kijani kutoka kwa jirani ambaye samaki wake hawana ugonjwa.

Dalili ya pili: juzi yalikuwa kijani, leo yameangaza ghafla

Ukiona hivi, usianze na uchunguzi. Simamisha chakula, usitie samadi, ingiza maji safi. Mwani mwingi unapokufa kwa pamoja, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, na samaki utawakuta alfajiri midomo juu wakihema. Huenda una usiku mmoja tu wa kuwaokoa.

Samaki wakishatulia, fuatilia siku nne za nyuma. Bwawa lililokolea mno huanguka lenyewe baada ya siku za mawingu mfululizo. Maji hugeuka ya kahawia au kijivu, yana povu na harufu. Shaba huua kwa namna nyingine kidogo: rangi hufifia kuelekea manjano, mwani hutua chini kama vumbi, na maji ya juu huangaza ndani ya siku moja hadi tatu. Muulize jirani wa bustani ya juu yako kama amepulizia nyanya. Dawa nyingi za bakajani zina shaba, na mvua ikinyesha siku ya pili yake shaba hiyo huteremka na maji. Hata chombo cha kupulizia kuoshwa kwenye mfereji unaoingia bwawani kinatosha.

Chanzo kingine tunakitia wenyewe: mrututu. Unauzwa kwa bei ndogo, ni wa buluu ya kuvutia, na mtu mwenye ukoga bwawani huambiwa atupe “vikombe viwili.” Mrututu ni salfeti ya shaba, robo ya uzito wake ni shaba yenyewe. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa mabwawa ni kupima ualkali wa maji (uwezo wake wa kuzimua tindikali, kwa miligramu kwa lita), kuugawa kwa 100, na jibu ndilo miligramu za mrututu kwa lita. Chukua bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita moja na ualkali wa miligramu 50: jibu ni nusu gramu kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 100 kwa bwawa zima. Linganisha na vikombe viwili. Na maji ya milimani Usambara, yanayotoka kwenye miamba isiyo na chokaa, huwa laini. Ualkali ukiwa chini ya 20 mrututu usiguswe kabisa, kwa sababu samaki nao wataondoka. Huku chini kuelekea Amboni, ambako maji hupita kwenye mawe ya chokaa, shaba hupunguzwa makali, na ndiyo sababu dawa iliyomfaa mtu wa Pongwe ikamfilisi mtu wa Amani.

Msimamo wangu ni kwamba mfugaji asiye na kipimo cha ualkali asitumie mrututu hata kidogo. Ukoga utolewe kwa reki. Shaba haiozi, haigeuki kitu kingine. Ukishaitia inakaa kwenye tope la bwawa lako. Na kama ule utando wa juu ulikuwa mwani wa kijani-buluu wa aina ya Microcystis, kuuua kwa shaba kunapasua seli zote kwa mpigo na kuachia majini sumu ya ini iliyokuwa imefungiwa ndani. Ng'ombe na mbuzi wasinywe hapo.

Kinachotokea ndani ya seli

Shaba si adui kwa asili yake. Mwani unaihitaji kwa kiasi kidogo sana. Protini moja inayopitisha elektroni wakati wa usanisinuru imejengwa kwa shaba. Zinki nayo imo kwenye kimeng'enya kinachosaidia seli kupata kabonidayoksaidi. Zikizidi ndipo balaa huanza. Shaba huingia mahali pa magnesiamu, pale katikati ya umbijani, na umbijani huo haufanyi tena kazi yake ya kunasa mwanga. Elektroni hupotea njia, hutokea oksijeni kali isiyotulia, nayo hutoboa utando wa seli. Kadimiamu, risasi na zebaki hazijulikani kuwa na hata hiyo kazi ndogo kwenye mwani wa mabwawani: huvamia protini na kukalia nafasi za metali zinazohitajika. Aseniki ni mjanja zaidi, kwa kuwa aina yake moja hufanana na fosfati, na mwani wenye njaa ya fosfati huifungulia mlango wenyewe.

Seli hujitetea. Hutengeneza nyuzi fupi za protini ziitwazo fitokelatini, zinazoifunga metali isizurure ndani. Lakini kujenga silaha hizo kunakula nguvu iliyopaswa kwenda kwenye kuzaliana. Ndiyo maana mwani wenye sumu kidogo haufi, unasimama tu. Ukipata darubini ya shule ya sekondari, tazama tone la maji kwa ukuzaji wa mara 400. Seli zilizovimba kupita kawaida kwa kushindwa kugawanyika, au mwani wa aina ya Scenedesmus, ambao seli zake zimezoea kukaa nne nne, zikiwa zimetawanyika moja moja, ni ishara za seli iliyo taabani. Peke yake haithibitishi metali. Pamoja na jaribio la chupa, inasema mengi.

Dalili ya tatu: ukijani wa maji umeondoka, nyuzi za ukoga zimechukua nafasi

Mara nyingi maana yake ni maji maangavu tu: mwanga unafika chini na ukoga unafaidi. Rutubisha maji, toa nyuzi, basi. Ila kwenye mifereji na vijito vinavyopokea maji ya gereji au ya wavunja betri, sababu inaweza kuwa kwamba aina dhaifu zimekufa na zile sugu zimebaki peke yake. Stigeoclonium, ukoga wa nyuzi laini zenye matawi, unajulikana kwa kuvumilia zinki na shaba. Wingi wa kijani hapo ni mkubwa, aina ni chache.

Risasi ya betri inahitaji neno la ziada. Hushikamana na tope upesi, kwa hiyo maji yanaweza kupimwa yakaonekana safi huku ukingo mahali betri zinapovunjwa ukiwa umejaa sumu. Usingoje mwani ukueleze. Watoto wanaocheza kwenye ukingo huo ndio wa kuondolewa kwanza, na ukoga wa hapo wasipewe kuku wala bata.

Wapo wanaotumaini kwamba ukoga utasafisha maji. Kweli unafyonza metali nyingi. Ukifa humo humo, unazirudisha tope na majini. Unafaa tu kama unavunwa na kutupwa mbali na bustani.

Hali ya nne: hakuna dalili

Hii ndiyo inayoninyima amani. Zebaki kwa kiasi kidogo haiwezi kuyafanya maji kuwa meupe. Bwawa litakuwa kijani, samaki watanenepa.

Handeni na Kilindi wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, na milima ya Amani nayo imeshawahi kuvamiwa na wachekechaji dhahabu kwenye vijito vyake. Uchenjuaji wa kawaida hutumia zebaki kunasa dhahabu. Inayomwagika huingia mtoni, hutua kwenye tope lisilo na oksijeni, na huko bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Mwani huinyonya hiyo mpaka kiasi ndani ya seli kinazidi kile cha majini kwa makumi ya maelfu ya mara. Katika safari nzima ya chakula, hakuna mruko mkubwa kuliko huo wa kutoka majini kuingia kwenye mwani. Baada ya hapo wadudu hula mwani, samaki wadogo hula wadudu, kambale mkubwa hula samaki wadogo, na kila hatua huongeza. Sato anayekula mwani moja kwa moja huwa na kidogo kuliko kambale wa umri mkubwa wa maji yale yale. Kupika hakuitoi. Wanaodhurika zaidi ni watoto walio tumboni, kwa kuwa zebaki hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kushambulia ubongo; huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki hiyo ulidhihirika mwaka 1956.

Mto Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki na kujaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya jiji la Tanga. Kwa mto wa namna hiyo, ukiona mialo ya kuoshea dhahabu imefunguliwa juu yako, usitafute dalili bwawani. Toa taarifa ofisi ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na uombe samaki na tope vipimwe, kwa sababu maji peke yake yatakuambia kidogo mno.

Kupeleka sampuli

Jaribio la chupa likionyesha sumu, kinachofuata ni maabara, iwe ya maji ya mkoa au ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Piga simu kwanza, uwaulize kama wanapima metali unayoishuku, na uwaombe chupa zao zilizoandaliwa kwa asidi. Usipeleke chupa ya soda. Taja kwamba unahitaji kiasi kilichoyeyuka, yaani baada ya kuchujwa, pamoja na kiasi cha jumla. Tofauti yake itakuonyesha ni ngapi imeshikwa na chembe za tope zilizomo majini; iliyoyeyuka ndiyo iliyo rahisi zaidi kuingia kwenye mwani. Waambie wapime pia pH, ualkali na ugumu wa maji, kwa kuwa namba ya shaba bila hizo haisomeki: mikrogramu 30 kwenye maji laini ya Amani si sawa na mikrogramu 30 za Amboni.

Jibu likirudi limeandikwa “yanafaa kwa kunywa,” usilikunje ukaenda zako. Tazama namba yenyewe, uilinganishe na mahitaji ya mwani, si ya mtu. Chota sampuli tatu: juu ya mahali unaposhuku, pale pale, na chini yake. Bila ile ya juu hutaweza kusema uchafu umeanzia wapi. Juu ya kila chupa andika mahali, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha jana yake.